Jogoo wa Kishingo Kuzaa Vifaranga Wenye Manyoya Shingoni: Je, Ni Feki?

Lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko yote sisi tunaouza kishingo, yaani kuku wa shingo isiyo na manyoya, halihusu bei. Ni hili: "Mmeniuzia jogoo wa kishingo, nimemweka na matetea yangu ya kawaida, na karibu nusu ya vifaranga wametoka na shingo zenye manyoya. Jogoo wenu feki."

Si feki. Ila hatukuwa tumekueleza ni kishingo wa aina gani.

Kwa habari ya shingo, kila kuku amebeba nakala mbili za kinasaba (chembe ya urithi), moja ya baba na moja ya mama. Shuleni tulifundishwa kwamba sifa moja hutawala na nyingine hujificha, basi. Kwa kuku wa kishingo utawala huo haujakamilika, na hiyo ni heri kwa mnunuzi, maana unaweza kumsoma kuku kwa macho bila maabara. Mwenye nakala mbili za kishingo shingo yake huwa tupu karibu yote. Mwenye nakala moja hubaki na kishada cha manyoya mbele, pale chini shingo inapokutana na kifua. Wauzaji wengi mnadani hawakiangalii kabisa kishada hicho, nasi tunaona ndicho cha kwanza cha kuangalia.

Jogoo mwenye kishada ukimpandisha kwa matetea ya kawaida, tarajia takriban nusu ya vifaranga wawe kishingo. Jogoo na tetea wote wawili wakiwa na kishada, robo tatu watakuwa kishingo na robo watavaa manyoya kama kuku yeyote. Jogoo wa kishingo asiye na kishada hukupa vifaranga wote kishingo, hata mama awe wa namna gani. Hesabu hizi huonekana vizuri kwenye vifaranga wengi. Ukitotoa kumi usishangae wakitoka saba kwa watatu.

Kwa nini watu wanawahangaikia kishingo? Joto. Mwenye nakala mbili ana manyoya pungufu kwa karibu asilimia 40, na mwenye moja pungufu kwa asilimia 20 hadi 30, hivyo mwili unapoa haraka na kuku anaendelea kula jua likiwa kali. Kwa mfugaji wa Dar es Salaam au Dodoma hiyo ni faida. Wa Njombe au Makete kwenye baridi, kwa maoni yetu, hana haja ya kulipa zaidi kwa ajili yake.

Usidhani basi kwamba nakala mbili ni bora siku zote. Kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja, naye hufuata utawala usiokamilika, lakini kwake nakala mbili ni hasara: manyoya hujikunja kupita kiasi, hukatika ovyo, na kuku hubaki nusu uchi akitetemeka kwa baridi. Kidimu mpandishe kwa kuku wa kawaida. Nusu ya watoto watakuwa kidimu wazuri, na inatosha.

Wale wafupi wa miguu ndio wanaotuletea ugomvi wa mayai. Miguu mifupi ya aina inayotawala huhitaji nakala moja tu. Kiinitete kikipata mbili hufa ndani ya yai, mara nyingi siku za mwanzo. Ukipandisha mfupi kwa mfupi, robo ya mayai yenye mbegu imeshapotea kabla mashine ya kutotolesha haijafanya kosa lolote. Ukiyapima kwa tochi siku ya saba utakuta mengine yana duara la damu tu. Kwa hiyo ukituletea trei za mayai tukutotoleshee, tuambie wazazi wakoje. Mayai ya mfupi kwa mfupi tunayapokea, ila hatuyawekei dhamana yetu ya kawaida.

Majogoo wa kishingo wasio na kishada tunawatenga banda lao, na bei yao iko juu kidogo. Ukija, mshike mwenyewe, mwinue kichwa, umtazame shingo kwa mbele kabla hujalipa.