Msiwadanganye wakimbiaji wetu

Mhariri,

Nimeuvumilia ukurasa wenu wa michezo miaka mingi, lakini ile habari kwamba wanamichezo wa vyuo vya Marekani "sasa wanalipwa mshahara" imevuka mpaka. Eti michezo ya ridhaa, yaani kucheza bila malipo, ilikuwa mila safi mpaka mahakama zilipoiharibu! Mashindano ya kwanza kati ya vyuo vya Marekani, ya makasia, Harvard na Yale mwaka 1852, yaligharimiwa na kampuni ya reli iliyotafuta abiria. Pesa ilikuwepo tangu mwanzo, aliyenyimwa ni mchezaji. Mwaka 1955 Ray Dennison alipigwa kichwani akichezea futiboli ya Kimarekani chuo cha Fort Lewis, Colorado, akafa. Mjane wake alidai fidia ya aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ikamkatalia: chuo hakifanyi biashara ya futiboli. Na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilikuwa imeshaanza kuuza haki za televisheni!

Makubaliano ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, yanakiruhusu chuo kuwagawia wachezaji pesa kila mwaka, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, 2025/26. Kinaruhusiwa, hakilazimishwi, na sehemu kubwa huenda kwa futiboli na kikapu cha wanaume. Riadha imeletewa kikomo: wanariadha 45 kwa timu, 17 mbio za nyika. Isitoshe, kijana wa Iten au Mbulu huenda kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Muhula ukiendelea, kazi ni ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa wiki. Akipiga tangazo la viatu akiwa kule, laweza kuhesabiwa kazi bila kibali, na viza ikapotea.

Hayo mawakala wanaowatafutia vijana wetu vyuo hawayasemi, nanyi mnawachapishia matangazo yao. Mkimbiaji wetu Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State, Marekani. Leo wa aina yake angepata mistari mitatu chini ya jedwali lenu la kubashiri.

Basi Jumatatu moja liondoeni jedwali hilo, mahali pake mchapishe maswali ya mzazi kwa kocha, kabla ya kutia saini. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne? Unalipa ada tu, au na malazi, chakula na vitabu? Tiketi ya ndege ni ya nani? Akiumia goti mwaka wa pili, nani analipa hospitali, na nafasi yake inabaki? Majibu yaje kwa maandishi, si kwa WhatsApp ya wakala.

Msomaji wenu, Eldoret