Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, baba zetu, mama zetu na vijana,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami simwingilii. Niseme tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na darasa la Kiswahili la watoto bado liko kila Jumamosi. Nitakaa zaidi kwenye safari ya Juni, maana ndiyo iliyozua maneno.

Kamati ilipopendekeza twende Givenchy-lès-la-Bassée, kaskazini mwa Ufaransa, baadhi yenu mliuliza: Mwingereza aliyekufa 1916 anatuhusu nini? Swali halali. Ila wengi wetu hapa Ubelgiji ni watoto wa wachimba migodi wa Katanga, kule Kongo. Ugali tuliolelewa nao ulitoka shimoni.

William Hackett alizaliwa Nottingham mwaka 1873, akahamia Yorkshire kufuata kazi ya makaa ya mawe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, kikosi cha askari wa miguu kilimkataa mara tatu: umri umekwenda, moyo una kasoro. Kusoma na kuandika hakujua. Wachimbaji wa jeshi wakamchukua, kwa sababu wao walitaka mtu anayeujua udongo. Kazi yenyewe ilikuwa kuchimba njia hadi chini ya adui na kupanga baruti huko, na Wajerumani nao wakichimba kuja upande huu.

Kabla ya alfajiri ya tarehe 22 Juni 1916, baruti ya Wajerumani ililipuka. Hackett na wenzake wanne wakafukiwa ndani ya njia yao. Baada ya saa 20 za kuchimba, waokoaji wakapata tundu. Hackett akawasaidia watatu kutoka. Wa nne, Thomas Collins, kijana wa Wales wa miaka 22, alikuwa ameumia vibaya, hawezi kupita. Hackett angeweza kutoka, akakataa: yeye ni mchimbaji, lazima awaangalie wenzake kwanza. Njia ikaporomoka. Waokoaji walihangaika siku nne bila kuwafikia, na wote wawili wako chini ya shamba lile mpaka leo. Nishani ya Victoria Cross, ya juu kabisa ya ushujaa vitani kwa Waingereza, alikabidhiwa mkewe, Alice.

Basi lilichelewa saa mbili, kwa hiyo tulifika penye mnara wa kumbukumbu ya wachimbaji hao, uliozinduliwa 2010, jua likiwa kali na watoto wamenuna. Mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi shimoni Kipushi, huko Katanga, alivua kofia, akawaita vijana. “Tundu halizibi kwa kishindo,” akasema. “Udongo unamwagika kidogo kidogo, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Unausikia. Huyu aliusikia, akabaki.” Kisha akaomba maji ya kunywa. Hata waliopinga safari hawakuuliza tena undugu.

Mwaka ujao kamati inapendekeza Arras, mji wa kaskazini mwa Ufaransa. Huko, katika vita hivyo hivyo, wachimba migodi kutoka New Zealand waliunganisha machimbo ya zamani ya chokaa chini ya mji, wakayapa majina ya miji ya kwao: Wellington, Nelson, Blenheim. Tangu 2008 wageni wanaruhusiwa kushuka. Mimi nimeunga mkono, na sijifichi: sisi wenyewe tumeyabeba majina ya kwetu hadi kwenye maduka yetu.

Wanaotaka kwenda wajiandikishe kwa katibu leo hii. Nauli italipwa mapema, na basi tutakodi kwingine. Chini kuna baridi, njooni na makoti.