Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Madai Yetu Kuhusu Kanuni za Elimu Maalumu Texas

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Nawashukuru kwa kuitikia wito na kufika kwa wingi. Hesabu atazisoma mweka hazina, na mambo ya misiba na harusi mnayajua vizuri kwa kuwa ninyi ndio mliochanga. Mimi nitazungumzia jambo moja lililobeba nguvu kubwa ya kamati mwaka huu: rasimu ya Idara ya Elimu ya Texas, TEA, ya kurekebisha kanuni zake za elimu maalumu, zile za Sura ya 89.

Wapo waliouliza rasimu hiyo inatuhusu nini. Inatuhusu sana sisi wazazi tunaozungumza Kiswahili. Sheria ya jimbo inasema mzazi asiyejua Kiingereza, ikiwa lugha yake ni Kihispania, lazima shule impe mpango wa elimu maalumu wa mtoto wake, uitwao IEP, kwa Kihispania, iwe kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa. Ikiwa lugha yake ni nyingine yoyote, shule inatakiwa tu kufanya juhudi za nia njema. Mwisho wa juhudi hizo haukutajwa, na hapo ndipo watoto wetu wanapopotelea.

Mama mmoja miongoni mwetu alikaa kwenye kikao cha ARD, yaani kamati ya shule inayopanga huduma za elimu maalumu za mtoto, na mkalimani wa simu, simu imewekwa katikati ya meza na sauti inakatikakatika. Akarudi nyumbani na kurasa nyingi za Kiingereza, akazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo. Miezi ilipita ndipo binti yake mkubwa akamsomea kwamba dakika za tiba ya usemi za mdogo wake zimepunguzwa. Jirani yake wa Honduras, mwenye mtoto shule hiyohiyo, alishapata nakala yake kwa Kihispania zamani. Hatumwonei kijicho jirani. Tunataka na sisi tupewe.

Maoni tuliyoiandikia TEA kuhusu rasimu yalidai kanuni iweke siku za mwisho za kumfikishia mzazi tafsiri. Shule inayosema imeshindwa, ieleze kwa maandishi ilimtafuta nani na lini. Tulidai pia mtoto asifanywe mkalimani wa kikao kinachomjadili yeye au ndugu yake. Hili la mwisho niliona lazima tulisimamie kwa nguvu zote, kwa sababu ni aibu na ni mzigo kumbebesha mtoto wa miaka kumi na miwili maneno ya daktari na ya mwanasheria.

Sheria inakipa chama chenye wanachama wasiopungua 25 haki ya kuomba kikao cha hadhara kabla kanuni haijapitishwa. Ombi linatakiwa kufika ndani ya siku 14 tangu rasimu ichapishwe katika Texas Register, gazeti rasmi la jimbo. Ndiyo maana katibu aliwapigia simu hadi usiku akihakiki orodha ya wanachama. TEA nayo inabanwa: ikipitisha kanuni, lazima iandike muhtasari wa maoni iliyopokea na sababu za kukataa yale iliyoyakataa. Barua yetu haiwezi kutupwa kimyakimya.

Wanaosema tunasumbua serikali wakumbuke historia ya jimbo hili. Kuanzia 2004 wilaya za shule zilipimwa kwa lengo la wanafunzi wasiozidi asilimia 8.5 kupata elimu maalumu, na watoto wengi waliostahili wakafungiwa mlango. Waandishi wa habari walilifichua 2016, wazazi wakapaza sauti, na mwaka uliofuata Bunge la jimbo likapiga marufuku kiwango cha aina hiyo.

Kanuni zikirekebishwa tutakavyo, bado sheria yenyewe inabagua lugha, na hiyo ni kazi ya Bunge. Bunge hukutana Austin kuanzia Januari ya kila mwaka witiri kwa siku zisizozidi 140. Kamati inaomba idhini yenu leo ya nauli za wazazi watakaokwenda kuzungumza na wabunge wao.

Wakati tukisubiri, ombi la kupimwa mtoto liandikwe, lisiishie mdomoni. Shule ina siku 15 za shule kulijibu; na ukishasaini ridhaa, ina siku 45 za shule kukamilisha vipimo. Katibu anazo barua za mfano kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwenye kikao cha ARD mwezi ujao amwone kabla ya kuondoka, ili apangiwe mtu wa kukaa naye.