Shahidi aliyeitwa hakusema hivyo

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la majuma mawili yaliyopita, msomaji mmoja ambaye anajitambulisha kuwa mwumini wa kanisa la uamsho aliandika kwamba Wayahudi wenyewe wamekwisha kutuhukumu sisi Wakatoliki kuwa waabudu sanamu, na kwamba anayeingia katika Kanisa Kuu la Petro na Paulo hapa Lubumbashi na kuona yaliyomo hahitaji ushahidi mwingine. Mimi ni Mkatoliki na mwalimu wa historia mstaafu, wala sikushika kalamu ili kuzitetea sanamu zetu, kwa kuwa mapadri wanaiweza kazi hiyo kuliko mimi. Nataka tu kusema kwamba shahidi aliyeitwa hakusema hayo aliyosemewa.

Kosa linaanzia kwenye tafsiri. Jambo ambalo marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, wanalijadili huitwa kwa Kiebrania avoda zara. Neno la kwanza ni ndugu wa neno letu "ibada", na la pili maana yake ni "ngeni", neno lile lile linalotumika katika Zaburi ya 81 mahali panapokatazwa kuwa na mungu mgeni. Tukiandika "ibada ya sanamu" tunaleta mti na jiwe mahali ambapo wenye lugha yao waliweka ugeni, yaani kumpa mwingine, awe na umbo au asiwe nalo, heshima ambayo ni ya Mungu peke yake. Aliyetuhukumu kwa ukali kuliko wengi ni Moshe ben Maimon, rabi na mwanafalsafa anayeitwa pia Maimonides, aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138 na kufia Misri mwaka 1204, na maneno yake yaliwauma watawala wa Kikristo hata yakafutwa katika nakala nyingi zilizochapwa Ulaya. Lakini hukumu yake aliitoa juu ya Wakristo wote, pamoja na tofauti zote za madhehebu yao, na katika kitabu chake cha falsafa anautaja Utatu kuwa mfano wa mtu anayetamka kwa kinywa kwamba Mungu ni mmoja huku moyoni akiamini wengi. Kwa kipimo hicho, kanisa lisilo na sanamu hata moja, lenye gitaa na vipaza sauti tu, lakini linalomwomba Yesu kama Mungu, limesimama palepale tuliposimama sisi wa rozari.

Sisemi kwamba sanamu si kitu kwao. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, alitofautisha msalaba ambao watu huusujudia, akauhesabu pamoja na vilivyokatazwa, na msalaba mdogo unaovaliwa shingoni kwa ukumbusho, ambao hakuuhesabu hivyo. Hata hivyo huo ni mlango wa pembeni. Mlango mkuu ni swali la nani anayeabudiwa.

Tena swali hilo halikuzaliwa katika chumba cha wanatheolojia. Lilizaliwa sokoni. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, inamkataza Myahudi kufanya biashara na waabudu miungu siku tatu kabla ya sikukuu zao, na mwalimu mmoja wa kale, Rabi Ishmaeli, aliongeza siku tatu baada yake. Wenye Talmudi, yaani marabi walioifafanua Mishna hiyo, walipiga hesabu wakaona matokeo: kwa Wakristo, ambao wana sikukuu kila Jumapili, tatu za kabla na tatu za baada zinalimaliza juma zima, na biashara inakuwa haramu mwaka mzima. Wayahudi wa Mainz huko Ujerumani au wa Champagne huko Ufaransa, walioishi kati ya Wakristo na kula kwa kuuziana nao, wangekufa njaa. Ndiyo sababu Rabi Gershom wa Mainz, karibu na mwaka 1000, aliegemea kauli ya zamani kwamba watu wa mataifa walio nje ya nchi ya Israeli si waabudu miungu kwa kweli, bali wanashika tu desturi ya baba zao. Kauli hiyo haitupi sifa kubwa, lakini ilifungua maduka.

Hatua kubwa zaidi ilitokana na viapo. Wafanyabiashara wawili wakigombana, Mkristo huapa kwa watakatifu wake, na Myahudi anayemwapisha anaweza kuonekana kuwa amelitajisha jina la mungu mwingine. Rabi Yakobo ben Meir, aliyefariki mwaka 1171, mjukuu wa Rashi, yule mfafanuzi mashuhuri wa Biblia na Talmudi, aliruhusu kiapo hicho. Hoja iliyoandikwa kwa jina lake ni kwamba Wakristo, wanapoapa, moyoni wanamkusudia Muumba wa mbingu na nchi, na ijapokuwa wanamshirikisha na kitu kingine, wana wa Nuhu, yaani watu wote wasio Wayahudi, hawakukatazwa kushirikisha. Neno la Kiebrania ni shituf. Asili yake si ile ya neno letu "ushirikina", lakini maana ya msingi ni moja: kumtia Mungu katika ubia. (Jirani zetu Waislamu watatuelewa upesi; sisi tunaokutana kila juma katika shirika la mtaa tumezoea mzizi huo katika maana nzuri tu.) Baadaye wengine walilipanua neno hilo kutoka kiapo hadi ibada yenyewe, wakasema kwamba Mkristo anayeabudu Utatu hatendi dhambi, ingawa Myahudi akifanya hivyo atakuwa ametenda. Rabi Yehezkeli Landau wa Prague, katika karne ya 18, aliukataa upanuzi huo: kuapa ni jambo moja, kuabudu ni jingine. Mabishano hayo hayajaisha mpaka leo, na anayesema "Wayahudi wamekwisha kuhukumu" ameyamaliza peke yake.

Ninayempenda mimi ni Rabi Menahem Meiri wa Perpignan, aliyezaliwa mwaka 1249, kwa sababu aliligeuza swali. Hakuanza na mafundisho juu ya Mungu. Alitazama kama taifa linaongozwa na dini yenye kuwafunga watu wasiibe wala wasiue, na taifa la namna hiyo alilitoa katika sheria za waabudu miungu wa kale, akadai Myahudi alitendee haki kama ndugu zake. Wengi wanasema yuko peke yake katika hili, na huenda ni kweli.

Hapa mjini tunayo sinagogi, iliyojengwa na watu ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, na rabi Moïse Levy, aliyefika mwaka 1937, aliwahudumia kwa zaidi ya miaka hamsini. Baba yangu alikata vitambaa katika duka la mmoja wa watu hao. Baba alipofariki, mzee huyo alikuja kanisani akiwa amevaa suti nyeusi, akasimama nje ya mlango, juani, misa nzima, kisha akalifuata jeneza hadi makaburini. Shangazi zangu walisema ametudharau. Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba marabi wengi humkataza Myahudi kuingia kanisani, hata kwa kutazama tu, na kwamba mzee yule alikwenda mpaka mwisho wa ruhusa yake. Wengine hupata nafasi: mwaka 2011 rabi mkuu wa Uingereza, Jonathan Sacks, alihudhuria arusi ya kifalme katika Westminster Abbey.

Mwaka 2000 marabi na wasomi zaidi ya mia moja walitia sahihi tamko la Dabru Emet, yaani "Semeni kweli", lililosema wazi kwamba Wayahudi na Wakristo wanamwabudu Mungu mmoja, huku likieleza kwamba ibada ya Kikristo haiwezi kuwa njia ya Myahudi. Msomi Jon Levenson, Myahudi naye, aliwajibu kwamba wameupita Utatu kwa haraka mno. Nadhani Levenson ana haki. Tamko linalonifurahisha kwa kunyamaza juu ya imani yangu halijanielewa kuliko Maimonides, ambaye aliisoma na kuikataa.

Ninaomba basi, Bwana Mhariri, kwamba mada hii ikirudi katika kurasa zenu mwandike "ibada ngeni" badala ya "ibada ya sanamu", na msomaji wetu wa uamsho aulizwe kama angali anamtaka shahidi wake.

Mwalimu mstaafu,
Komini ya Katuba, Lubumbashi