Risala ya Kikundi cha Wasomaji wa Vitabu vya Sauti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwapokea Wasomaji Wapya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wazazi, wanafunzi na wanakikundi wenzangu,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu kwa barua ya kwanza, na kwa kufika saa ile ile iliyoandikwa. Kwa kikundi chetu jambo hilo ni kubwa na tumeliingiza kwenye muhtasari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi kilianza na watu 4, walimu wawili na wazazi wawili, baada ya mmoja wetu kupata habari za LibriVox. Hiyo ni jumuiya ya watu wanaojitolea kusoma vitabu kwa sauti, iliyoanzishwa mwezi Agosti 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Vitabu wanavyosoma ni vile ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha, vikawa mali ya umma. Anayesoma naye huitoa sauti yake iwe mali ya umma. Msomaji halipwi, msikilizaji hatozwi. Leo hazina yao imepita vitabu 20,000, na sehemu kubwa ni vya Kiingereza. Hapo ndipo tulipoona kazi yetu ilipo.

Kujiunga hakuna ada, na lafudhi ya mtu haimzuii. Mtu hurekodi jaribio la dakika 1, wenyeji wa jumuiya wanalisikiliza kama sauti inatosha na kama nyuma yake kuna kelele, kisha wanamweleza cha kurekebisha. Wanakikundi 9 tunaowapokea leo, waliokaa safu ya mbele, wote wameshapita jaribio hilo. Naomba tuwapigie makofi.

Mafanikio yetu ni mengi na kata hii ina haki ya kujivunia. Tumekamilisha hadithi 3 kati ya zile za Unguja alizozikusanya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, zikachapishwa London mwaka 1870. Tulizichagua kwa sababu umri wake haubishaniwi: kanuni ya Marekani, ambako mafaili huhifadhiwa, inataka kitabu kiwe kimetimiza miaka 95 tangu kuchapishwa, na hizi zimepita mbali. Tulizichagua pia kwa sababu zilitoka vinywani mwa wasimulizi wetu wenyewe. Hadithi ya mwalimu Goso, aliyekuwa akifundisha chini ya mbuyu hadi buyu likamwangukia akafa, sasa inasikilizwa katika kitengo cha wasioona cha shule hii. Tuliiweka kwenye memori kadi, kadi ikachomekwa kwenye redio ndogo. Wanafunzi walipofika pale anapotafutwa muuaji wa mwalimu, kutoka kwa upepo wa kusi kwenda kwa kiambaza, yaani ukuta wa udongo, kutoka kwa kiambaza kwenda kwa panya, kutoka kwa panya kwenda kwa paka, walianza kujibu kabla msomaji hajasema. Mwalimu wao alitueleza kuwa siku hiyo kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyetoka. Tunathubutu kusema hakuna kikundi kingine katika tarafa yetu kilichofikia hatua hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna changamoto ndogo ndogo za vocha za intaneti na umeme kukatika. Hizo tunazimudu wenyewe kwa michango na hatutakuchosha nazo. Tuna shida moja tu. Hatuna chumba cha kurekodia.

Naomba nieleze kwa nini tunalitaja jambo hili kwa uzito, maana tulishawahi kuulizwa kwenye kikao kwamba kusoma kitabu kunahitaji jengo gani. Kitabu cha sauti hakirekodiwi kama mkutano. Sauti inatakiwa ifikie kiwango cha desibeli 89, na msomaji anaponyamaza kati ya sentensi mbili pasisikike kitu. Maikrofoni haina ustaarabu wa sikio la binadamu. Inachukua kila kilichopo. Darasa tunaloazimwa liko kando ya barabara. Kuna bodaboda, kuna mashine ya kusaga, kuna kuku wa jirani. Feni tunaizima kwa sababu mvumo wake unaingia, hivyo msomaji anasoma huku jasho likimtiririka juu ya karatasi. Adhana na kengele ya kanisa tunaziheshimu, tunasimama, zikimalizika tunaendelea. Lakini mvua ikipiga bati hakuna cha kufanya, na kuanzia Machi hadi Mei kazi inalala kabisa.

Ile programu ya bure ya Audacity tunayoitumia inaweza kupunguza kelele, tena wahariri wetu wawili wameijua vizuri. Ukipunguza kupita kiasi, msomaji anasikika kama mtu anayeongea ndani ya bomba. Msikilizaji aliyejitolea kuhakiki, ambaye yuko nchi nyingine na hatujuani, aliturudishia sehemu moja mara 3, ameandika dakika na sekunde ya kila kelele. Alikuwa sahihi kila mara. Kwa hiyo dakika 10 za hadithi zimewahi kutuchukua wiki mbili.

Tukaamua kurekodi usiku, saa sita hadi saa tisa, mji ukiwa umetulia. Hapa ndipo panapotuuma. Wasomaji wetu wa kike hawawezi kutembea saa hizo, na wazazi wao wako sahihi kuwakataza. Wasichana 3 wameacha, mmoja wao akiwa na sauti bora kuliko zote tulizonazo. Hakuacha kwa kukosa moyo. Hadi leo ananiuliza tumefikia hadithi gani.

Yupo pia kijana wa darasa la sita, haoni, aliyepita jaribio la dakika 1 mwezi uliopita. Mwalimu wake alimchapia hadithi kwa nukta nundu na yeye anaisoma kwa vidole. Huyu si msikilizaji wetu tena, ni msomaji mwenzetu. Mkwaruzo wa vidole kwenye karatasi ile ngumu unasikika, kwa hiyo anahitaji meza yenye kitambaa kizito, na maikrofoni ikae mbali kidogo. Maikrofoni ikikaa mbali, chumba lazima kiwe kimya zaidi. Kwa darasa tulilonalo, kijana huyu hawezi kurekodi hata ukurasa mmoja ukakubaliwa, na tumekosa la kumwambia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote tunaomba tukumbushe historia ya ombi hili. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, akiwa amesimama hapo uliposimamishwa wewe kusalimia, alituahidi chumba kabla ya masika. Masika mawili yamepita. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliahidi kompyuta mpakato 2, tukapiga naye picha, na picha hiyo ipo ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Kompyuta hatujazipokea. Tumeandika barua 5 za kukumbushia. Mbili zilijibiwa kuwa suala linashughulikiwa. Hatusemi haya kwa kumlaumu yeyote, kwani tunatambua majukumu ni mengi. Tunayasema kwa sababu wanachama wapya wa mwaka ule tuliwaambia wasubiri, wakasubiri, na 4 kati yao hatunao tena.

Ombi letu ni hili. Nyuma ya maktaba ya shule kuna stoo iliyokuwa ya madawati mabovu. Iko mbali na barabara, ina dirisha moja, na Mwalimu Mkuu ameridhia kwa maandishi tuitumie. Fundi amekadiria shilingi 2,640,000 kwa dari ya jipsamu yenye sponji juu yake ili kuzuia sauti ya mvua, mlango mzito wenye mpira pembeni, magodoro ya kuzungushia kuta, zulia na nyaya za umeme. Wanakikundi tumeshachanga shilingi 410,000, fedha ziko benki, na nguvu za wananchi zipo: kusomba, kupaka rangi na kushona mapazia tutafanya wenyewe. Tunaomba utuunge mkono kwa kiasi kilichobaki.

Endapo kiasi chote hakiwezekani, tunaomba dari peke yake, maana ndiyo itakayoturudishia ile miezi mitatu ya masika. Na endapo hata hilo haliko ndani ya uwezo wako, tunakuomba kwa unyenyekevu utuambie leo hii, nasi tutakushukuru vile vile na kutafuta njia nyingine. Ahadi yoyote utakayotoa, iwe ndogo kiasi gani, tunaomba iwe na tarehe, na Katibu aiandike mbele yako kwenye daftari lililopo mezani.

Mwisho, kabla hujaketi kwa chakula, tunaomba utembee nasi hadi kwenye stoo hiyo. Ni mwendo wa dakika 2. Ufunguo anao Mwalimu Mkuu, na yule kijana wa darasa la sita atakuwa mlangoni na karatasi zake, akusomee ukurasa wa kwanza.

Tunakutakia safari njema ya kurudi.

Naomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Kikundi na kusomwa na Katibu.