Sare ya skauti isitufanye wazazi tuache kuuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Dodoma, hasa wale ambao watoto wao wamerudi nyumbani wakiomba fedha za sare na skafu kwa kuwa wamejiunga na skauti shuleni. Wengi wetu hutoa fedha hizo kwa furaha, na huo ndio huwa mwisho wa maswali yetu. Tumezoea kuwaona skauti wakipanga watu katika sherehe za kitaifa na kwenye viwanja vya Nanenane pale Nzuguni, tunajua kwamba Skauti Mkuu huteuliwa na Rais, na hivyo tunaamini kwamba kila kiongozi aliyevaa skafu amekwisha kuchunguzwa na mtu mwingine kwa niaba yetu. Imani hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, ingawa mwanangu ni skauti na napenda aendelee.

Wapo wanaodhani kwamba mtoto amepelekwa jeshini. Ni kweli kwamba mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza, lakini kambi yake ya majaribio ya mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea ilikuwa ya wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri wakichanganywa na watoto wa wafanyakazi, wakagawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiongozwa na kijana mwenzao. Utaratibu huo haujabadilika: mtoto hujifunza kwa kupewa jukumu, mtu mzima akisimamia kwa karibu. Kwa hiyo akirudi nyumbani akataka kuwasha jiko mwenyewe au kufua sare yake, aachwe afanye, hata kama sare itatoka na madoa.

Ahadi ya skauti, yenye wajibu kwa Mungu, kwa nchi na kwa watu wengine, hutolewa hadharani, na mzazi ana kila sababu ya kuomba kuhudhuria. Haifungamani na dini moja. Watoto wa Kiislamu na wa Kikristo huitoa pamoja, na kambi iliyopangwa vizuri hutenga muda wa swala na wa ibada. Mtoto akisimulia kwamba skauti wapya hupigwa, hudhalilishwa au huapishwa wasiseme jambo nyumbani, hayo si mafunzo ya skauti kwa namna yoyote.

Jambo kubwa zaidi ni kambi. Kabla ya kusaini ruhusa, mzazi amuulize kiongozi ana kwa ana: ni watu wazima wangapi watakaolala kambini, yupo kiongozi mwanamke kwa ajili ya wasichana, mahema ya wasichana na wavulana yametenganishwaje, na kuna utaratibu gani wa kuhakikisha kwamba mtu mzima habaki faraghani na mtoto mmoja. Kiongozi mwema hachukizwi na maswali haya. Anayechukizwa ametujibu tayari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili popote alipo, na namba 116 hupigwa bila malipo na mtoto au mzazi anayehitaji msaada. Mtoto aijue kwa kichwa kabla hajapanda gari.

Kiongozi naye anahitaji ukweli kutoka kwetu. Baadhi ya wazazi huficha maradhi ya mtoto wakihofia kwamba ataachwa, na hali hiyo ni ya hatari hapa kwetu, kwa sababu usiku wa Juni na Julai Dodoma huwa na baridi na upepo ambao unaweza kumletea maumivu makali mtoto mwenye seli mundu, na vumbi la kiangazi humbana mwenye pumu. Dawa ziandikwe jina na kipimo, akabidhiwe mtu anayefahamika. Blanketi, sweta na viatu vya kufunika mguu ni vya lazima kuliko skafu mpya, maana miiba ya migunga na nge haviheshimu sare. Michango ilipwe kwa stakabadhi.

Tuangalie pia shughuli za hadhara. Skauti hujitolea, na hilo ni jema, lakini haifai mtoto wa darasa la tano asimamishwe juani tangu asubuhi hadi alasiri bila maji wala chakula ili wakubwa wapite kwa utaratibu. Mzazi anaweza kukataa bila kumtoa mtoto katika kikundi.

Viongozi wa skauti nawaomba waitishe kikao cha wazazi kabla ya kambi za likizo ya Juni, na fomu ya ruhusa itaje mahali pa kambi, siku na saa ya kurudi, na namba mbili za simu: ya kiongozi na ya mtu mzima mwingine atakayekuwa kambini.

Mzazi wa skauti,
Nkuhungu, Dodoma