YAH: Malalamiko kuhusu alama za hatari zinazowazuia wanunuzi halali

Kwa Meneja, Kitengo cha Udhibiti wa Hatari

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninauza vitabu mtandaoni na ninapokea malipo ya kadi kupitia mfumo wenu. Nalalamikia jinsi modeli yenu ya kutabiri ulaghai, yaani programu inayoupa kila muamala alama ya hatari, inavyowakataa wanunuzi wangu halali, na jinsi ofisi yenu inavyonizungusha kila ninapouliza sababu. Jibu ni lile lile: "Mfumo umezuia muamala kwa sababu za usalama." Lakini mfumo hutoa namba tu. Kuna watu kwenu walioamua kwamba namba ikifika mahali fulani, mteja afukuzwe.

Tukio lililonifanya niandike ni hili. Mteja wangu wa tangu duka linafunguliwa alikuwa amenunua simu mpya. Akiwa safarini, usiku, akaagiza vitabu vingi kuliko kawaida yake, vipelekwe kwa dada yake anayeishi nchi nyingine. Kadi ni yake na pesa ilikuwemo. Kwenye ukurasa wangu wa mauzo ukatokea mstari mwekundu: alama 91 kati ya 100, hatari kubwa, umezuiwa. Nilimpigia, akathibitisha kuwa ni yeye. Nikawapigia ninyi, mhudumu akasema mteja ajaribu tena. Akajaribu, alama ikapanda. Akatumia kadi yake nyingine, ikapanda zaidi, na mwishowe simu yake ikafungiwa kabisa isilipie chochote dukani kwangu. Ujumbe alioniandikia baadaye ulikuwa mfupi: "Kumbe mimi ni mwizi kwenu."

Ushauri wenu ndio uliomzamisha. Kadi kujaribiwa mara kadhaa ndani ya dakika chache, na kadi mbili kutumika kwenye kifaa kimoja, ni miongoni mwa dalili ambazo modeli za aina hii huzipa uzito mkubwa, kwa sababu wezi hujaribisha kadi za wizi kwa mtindo huo huo. Mhudumu simlaumu hata kidogo. Naye anaona ule ule mstari mwekundu ninaouona mimi, na hana kitufe cha kuuondoa.

Tazameni pia dalili zenyewe: simu isiyojulikana, anwani ya mtandao ya nchi nyingine, saa zisizo za kawaida, oda kubwa, mzigo unaopelekwa kusikofanana na anwani ya kadi. Ndivyo anavyonunua mtu anayemtumia ndugu yake zawadi akiwa safarini. Modeli haimjui mteja. Inapima tu amefanana kiasi gani na miamala iliyowahi kuwa ya ulaghai. Kufanana huko ni sababu ya kumuuliza swali, si ya kumhukumu.

Matangazo yenu yanajivunia usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Nawaomba tufanye hesabu ya mfano. Chukua miamala 100,000, na tuseme 100 kati yake ni ya ulaghai. Modeli nzuri ikamate 90 kati ya hiyo 100, na ikosee kwa asilimia 1 tu ya miamala halali. Miamala halali ni 99,900, kwa hiyo wanaokamatwa bila kosa ni 999. Waliozuiwa jumla ni 1,089, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni watu safi. Katika mfano huo huo, modeli isiyozuia chochote ingekuwa sahihi kwa asilimia 99.9. Usahihi wa jumla, basi, haunionyeshi chochote ninachohitaji kujua. Niambieni katika kila wateja wangu mia mliowazuia, ni wangapi walikuwa walaghai kweli.

Nina hofu kwamba hata ninyi hamjui. Ulaghai ukipita, mwenye kadi huukana muamala benki, na taarifa huwarudia hata kama ni baada ya wiki au miezi. Mnunuzi halali akikataliwa, hununua kwingine na hakuna anayewaletea habari. Modeli inafundishwa kwa ushahidi wa upande mmoja. Wapo wanaotibu tatizo hili kwa kuruhusu sehemu ndogo ya miamala yenye alama za juu, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ipite ili waone matokeo yake. Je, ninyi mnafanya hivyo?

Sitaki mzime modeli. Nimewahi kutoa vitabu kwa kadi ya wizi, benki ikairudisha pesa kwa mwenye kadi na nikakatwa na ada juu. Ninachokipinga ni mfumo wenye milango miwili tu, kupita au kufukuzwa. Katikati pawepo uthibitisho. Toleo la pili la 3-D Secure, utaratibu wa kuhakikisha anayelipa mtandaoni ndiye mwenye kadi, ambalo maelezo yake ya kiufundi yalitolewa 2016, liliundwa kubeba taarifa za muamala hadi benki iliyotoa kadi, ili benki imdai mteja uthibitisho pale tu inapotilia shaka. Mteja wangu angeingiza namba ya siri ya mara moja, na mambo yangeisha.

Mtasema kutaja sababu kutawafundisha wezi. Basi nitajieni mimi, ambaye mmeshanihakiki. Nikijua kilichopandisha alama ni anwani ya kupelekea mzigo, naweza kuihakikisha kwa simu moja. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika Mei 2018, imeweka mipaka kwa maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake, na Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba hata kukokotoa alama ya uwezo wa mtu kulipa kunaweza kuhesabiwa kuwa uamuzi wa aina hiyo, iwapo anayeipokea anaitegemea kwa kiasi kikubwa. Kampuni inayoshughulikia malipo ya nchi nyingi haifai kusubiri hadi ibanwe.

Kwa hiyo naomba simu ya mteja wangu ifunguliwe na aandikiwe barua ya kumwomba radhi. Akaunti yangu iwekewe hatua ya uthibitisho kabla ya kuzuia, na nipewe jina la mtu mwenye mamlaka ya kupitia muamala uliozuiwa na kuuruhusu. Pia naomba takwimu za wateja wangu nilizozitaja hapo juu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, lenye saini ya mtu.

Wako katika biashara,

Mwenye akaunti ya duka la vitabu